Mguu Mmoja wa Guyo

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu akiuawa hurudi duniani na mguu mmoja tu. Ule mwingine hubaki kaburini kumshikia nafasi. Na sikuambiwa na mjinga mmoja. Niliambiwa na darasa zima, na nusu ya Isiolo ingeniapia. Leo nina cheti cha masomo ya jioni, baiolojia nimeisoma kwa tochi ya simu, lakini nikisikia harufu ya maziwa ya ngamia yaliyotiwa moshi, bado macho yanaenda kwa miguu ya watu.

Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ya nyumba yetu. Shangazi Safia aliuza maziwa sokoni. Pikapu iliyaleta kila asubuhi kutoka malishoni upande wa Garbatulla, kwa mitungi ya plastiki, na kila mama alifunga alama yake kwenye mkono wa mtungi. Alama ya shangazi ilikuwa uzi mwekundu, na mtungi huo ulijazwa na mtu mmoja tu, mchumba wake Guyo. Kabla ya kukamua, Guyo aliufukiza ndani kwa kijinga cha mti ambao hakumtajia mtu jina lake. Shangazi alifungua kifuniko, akafumba macho, akanusa. Mimi nilidhani anapima kama yamechacha.

Kisha Guyo akapigwa risasi malishoni. Mji ukasema ni Wario, mwenzake wa kuchunga, eti kwa sababu naye alimtaka Safia. Wario hakukanyaga mjini tena. Lakini wiki tatu baada ya mazishi, mtungi wa uzi mwekundu ukashuka kwenye pikapu, umejaa, na moshi ni ule ule.

"Nani amekupa?" shangazi alimuuliza dereva.

"Dada, wallahi nimeukuta kando ya barabara. Hata nyayo sikuona."

"Basi kesho utanipeleka hapo."

Tulienda, mimi nikiwa juu ya mitungi mitupu kama sultani. Shangazi alivaa dera la kijani aliloliweka kwa ajili ya harusi. Gari liliposimama, alishukia upande wa pili akaanza kutafuta. Mimi nikatazama vichakani. Jua lilikuwa linachomoza ndani ya vumbi, na ngamia wamejaa kila mahali, sikuwajali. Nilimjali yule mtu mrefu katikati yao, mrefu kama mnara wa msikiti, kikoi cheupe, amesimama kwa mguu mmoja. Mmoja! Nilipiga ukelele ambao nadhani hata twiga wa Samburu walihama.

"Guyo! Ni Guyo!"

Dereva hakutaka maelezo. Alimvuta shangazi ndani, akageuza gari.

Tulipofika nyumbani, shangazi alinishika kidevu. "Uliuona uso wake?"

Uso sikuuona. Lakini mguu je, si ushahidi? "Niliuona."

"Alikuwaje?"

Hapo ulimi wangu, ambao mpaka leo haujui kipimo, ukamaliza kazi. "Alikuwa anakungoja, Shangazi."

Baadaye wezi wa mifugo walikamatwa wakiwa na ngamia wa Guyo, na bunduki iliyomuua, Wario akaondolewa lawama. Shangazi alikuwa amekwisha kukataa wachumba watatu. Hakurudi kule kamwe. Aliogopa kwamba akimfuata tena, marehemu ataacha kuja. Maziwa yalikuja. Miaka kumi na miwili alifungua kifuniko, akafumba macho, mvi zikimwingia moja moja, nami nikisifu uaminifu wake kwa kila mteja. Sikuelewa kwamba alikuwa akiishi kwa neno langu moja, na neno lenyewe nililipamba tu ili lipendeze.

Mwaka jana, kwenye soko la mifugo, mzee mwenye ndevu za hina alinishika mkono. Alikuwa Wario. Tulikaa kwa chai.

"Ule mti wa kufukizia mtungi, Guyo alinionyesha mimi peke yangu," alisema. "Mjini nilikuwa naitwa muuaji. Ningemwambia Safia nini? Nikaona maziwa yatasema. Siku ile nikasikia pikapu imesimama, nikaona dera la kijani, nikajua ameniitika. Nikasema nimalize mtungi nimpelekee mkononi. Mara wewe ukapiga kelele, gari likageuka, nikajua amenikataa; maziwa tu sikuacha kuyaleta."

"Lakini mzee," nikasema, "ulikuwa na mguu mmoja!"

Nilingoja acheke, hakucheka.

"Wewe ni mtoto wa mjini," akasema. "Ngamia hukamuliwa umesimama. Mguu mmoja chini, mwingine unaukunja, chombo unakiweka juu ya paja. Kila mtu hukamua hivyo."