Aliyetangulia Kunywa Kisimani

Nilipokuwa mtoto, pale Bihambwe, nilikula wa tatu ingawa nilizaliwa wa kwanza. Wadogo zangu, Gakuru na Gato, walikuwa mapacha, na kwetu mapacha hawatanguliwi. Maharagwe mapya yakiiva, wao kwanza. Ng'ombe akizaa, maziwa yake mapya wanaonja wao. Mgeni akiingia anawasalimu wote wawili kwa pamoja, kisha anageuka kuniuliza mimi kama nimeshachota maji. Tate, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, alisema kwamba anayewatangulia mapacha kuonja kitu kipya, ngozi yake hubambuka mwili mzima. Alikuwa mtu wa kanisa hasa, lakini kwa jambo hili hakutaka mjadala hata na mchungaji.

Niliwaonea wivu wadogo zangu, wivu wa kukosesha mtu usingizi. Sioni haya kulisema.

Mwaka mmoja vita vilitukimbiza, na tuliporudi tulikuta ndama amefia ndani ya kisima cha kijiji. Maji yalinuka mpaka njiani. Ikabidi tuchote kwenye kijito cha bondeni, ambako ng'ombe walikunywa na watu walifulia, na watoto wakaanza kuharisha. Nyumbani kwetu aliugua Gato. Alikonda akabaki macho, na Mama hakumtua mgongoni. Mimi ndiye niliyepandisha bidoni ya maji kilimani, na nilipofika, Mama aliniuliza kwanza kama nimemchumia Gato majani ya dawa. Nilimpenda mdogo wangu, sikutaka afe. Lakini hata kule kuugua kwake nilikuonea wivu.

Mwishowe akaja muuguzi wa kituo cha afya, akawakusanya wanaume. Walimtoa ndama, wakayateka maji yote kwa ndoo, wakasugua kuta, wakangoja maji mapya yajae. Muuguzi akatia dawa ya klori, akakataza mtu kugusa mpaka kesho. Kesho yake kijiji kizima kilikuwa kisimani. Alipima maji, akachota kopo moja, akanywa mbele yetu.

"Maji iko muzuri," akasema. "Hii harufu ni ya dawa tu. Mukunywe."

Hakuna aliyesogea. Mwanamke mmoja nyuma yangu alinong'ona, "Ye haiko muntu wa huku. Mwenye maji hamujue."

Mwenye maji, kwa mujibu wa wazee, ni nyoka asiyeonekana anayelinda kisima, na mgeni asiyemjua hamgusi. Watu waliamini kwamba dawa ile imemuudhi, na kwamba atakayekunywa wa kwanza atakiona cha moto.

Tate akajitokeza, akawanyooshea mapacha kidole. "Mapasa njo watafungua maji," akasema. "Mwenye maji hawezi gusa mapasa. Wakishakunywa, na sisi tutakunywa."

Watu wakaafiki. Muuguzi naye akamtazama Gato, akasema mtoto huyu akirudia maji ya kijito hatapona. Sasa macho yote yalikuwa kwa Mama. Alikuwa amewashika mapacha, mmoja kila mkono, na hakuwasogeza hata hatua moja. Aliyaogopa maji yale kama wengine. Angekataa, kijiji kingerudi kijitoni, na Gato pamoja nacho.

Muuguzi alikuwa amelijaza kopo tena, akaliweka ukingoni. Nikaliona linawasubiri wao, kama kila kitu cha dunia hii kilivyowasubiri. Nikalichukua, nikanywa lote. Ladha yake ilikuwa ya nguo zilizofuliwa kwa javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe.

"Esperansi!" Tate akapiga yowe. "Ngozi yako!"

Nikageuka kumtafuta Mama. Alikuwa ananitazama usoni, na mikono yake bado imewashikilia wadogo zangu. Alinitazama hivyo kwa kitambo. Alipoona bado nimesimama, akachota kwa kopo lile lile, akamnywesha Gato.

Siku ile Tate alinipaka samli tangu utosini mpaka nyayoni, huku akiomba kwa jina la Yesu. Wanawake walipita nyumbani kunikagua mgongo. Jamani, nilifurahi! Asubuhi sikuwa na hata kipele. Kijiji kikanywa, na Gato akapata nafuu kidogo kidogo. Lakini kufikia Jumapili, habari iliyozunguka nje ya kanisa ilikuwa kwamba mapacha ndio waliofungua maji. Mimi nilisalimika kwa sababu ni dada yao. Roho iliniuma, na mpaka leo nikisikia ikisimuliwa hivyo inaniuma.

Mwaka jana, mimi mwenyewe nikiwa na watoto watatu, nilimuuliza Mama tulipokuwa tukichambua maharagwe.

"Mama, siku ile uliniona nikichukua kopo?"

"Nilikuonaka."

"Mbona hukunikataza?"

Alichambua kwanza yaliyokuwa mkononi. "Gato alikuwa anaisha," akasema. "We njo ulikuwa na nguvu, mutoto yangu. Nilisema, huyu akikaa muzima, na Gato atakunywa."

Nilikasirika, na sijamaliza kukasirika. Usiku nawatazama wanangu wamelala, najiuliza ni yupi ningemwacha alichukue kopo, kisha nageuka upande wa pili kabla sijajijibu.

Gato sasa ni baba wa familia, mnene, ana ng'ombe wake. Akija kunisalimu namfurahia kwa moyo wote. Na bado namwonea wivu, kwa sababu yeye hajawahi kuwa na swali la kumuuliza Mama.