Umeme wa Nachingwea na Uhamisho Niliouomba

Jambo hili nimelikana kwa muda mrefu, hata mbele ya mama yangu mzazi: sikutaka kuondoka Nachingwea. Nilisema nataka. Kila mwaka niliandika barua ya kuomba uhamisho, nikaipeleka kwa mkuu wa kituo chetu cha mbegu, naye akaipokea kwa uso wa pole kama mtu anayeletewa habari za msiba. Barua zilikwenda Dar es Salaam na kujibiwa kwamba nafasi hakuna. Nilisikitika kwa sauti, kisha nikaenda nyumbani kupalilia bustani yangu.

Ilikuwa ndiyo desturi yetu sisi tuliotoka chuo kikuu tukapangiwa kusini. Mwalimu aliomba uhamisho, karani wa benki aliomba, daktari wa mifugo aliomba. Asiyeomba alidhaniwa ama ana kesi huko alikotoka, ama kichwa chake si kizima. Jioni tulikaa kwenye hoteli ya chai sokoni tukalalamikia vumbi, sukari isiyopatikana, na barabara ya Lindi wakati wa masika. Mimi nililalamika kuliko wote, maana nilikuwa na la kuficha. Asubuhi yake nilipanda landrova kwenda Mtua kukagua ufuta, au mbali zaidi, Chinongwe upande wa Ruangwa, ambako akina mama waliotunza mashamba yetu ya majaribio walinicheka ninavyoshika jembe, kisha wakanifungia karanga za kuchemsha nirudi nazo. Dereva alikuwa akiniambia nipunguze kuimba, anashindwa kusikia injini.

Aliyenijua vizuri ni mpiga chapa wetu, mama mtu mzima wa Ruangwa, Mmwera, aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza. Barua zangu za uhamisho alizipiga yeye.

"Ya mwaka huu iko tayari," aliniambia safari moja. "Nimeweka 'kwa heshima na taadhima' juu na chini, labda watakuonea huruma."

"Asante, mama."

"Dar watakupa nyumba ya bomba. Utatusahau."

"Nitawaletea salamu."

"Salamu hazipikiki, mwanangu," akasema, akaendelea kugonga mashine yake.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tuliletewa kompyuta. Msomaji wa leo asifikirie kioo na kipanya. Ilikuwa ubao mmoja wa kijani, mpana kama daftari kubwa, umejaa vidude vyeusi vyenye miguu mingi kama tandu. Ulikuwa na vibonye vya kubofya namba, na tarakimu chache nyekundu za kuonyesha majibu. Mtaalamu wa kigeni aliyetuletea alitufundisha kuutumia kupiga hesabu za mavuno, akaumwa malaria, akaenda kwao. Kwa kuwa mimi nilikuwa nimesoma takwimu, ubao ukawa wangu.

Hesabu ulizijua. Shida ni kwamba majibu yalikuja kidogo kidogo kwenye zile tarakimu, nami niliyanakili kwa kalamu, nikikosea. Makao makuu wakachoka na makosa yangu. Wakaandika kwamba mashine isipoweza kuchapa majedwali yenyewe kwenye karatasi kabla ya mavuno kwisha, irudishwe Dar es Salaam, na mtaalamu wake aje nayo moja kwa moja.

Mkuu wa kituo, mtu wa Bukoba aliyependa neno "kimsingi", aliniita akiwa na furaha ya kweli. "Kimsingi, maombi yako yamejibiwa," akasema. "Huna haja hata ya kufanya chochote. Kaa tu, subiri mavuno yaishe."

Nikasema Mungu ni mkubwa. Kisha nikaenda stoo kuitafuta teleprinta.

Ilikuwa mashine nzito ya kuchapa kwa umeme, iliyoachwa na mradi fulani uliokwisha kabla sijafika. Ubao wangu ulikuwa na tundu la waya la kuungia mashine kama hiyo, ila tundu lenyewe halikuwa limefundishwa kazi. Ilibidi kuandika programu ya kuliendesha. Kitabu kiliiita dereva. Nilipomwambia mkuu kwamba naandika dereva, akauliza atakatiwa leseni wapi.

Kazi ya hiyo programu inaelezeka kirahisi. Herufi haipiti kwenye waya ikiwa nzima. Hukatwa vipande, vikatoka kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikipewa muda wake, na teleprinta huvipokea na kuviunga tena. Lazima pande zote mbili zihesabu kwa mwendo mmoja. Mmoja akiwa mwepesi kuliko mwenzake, vipande vya mwisho vinaangukia pasipo pahala pake, na herufi inatoka nyingine kabisa. Muda wa kila kipande niliuweka kwa namba moja ndani ya programu: ubao uhesabu mpaka hapo, ndipo utoe kipande kinachofuata. Namba hiyo niliitoa kitabuni, nikairudia hesabu yake mpaka nikaridhika. Nilikuwa na shahada, na hesabu ilikuwa sahihi.

Nikaagiza mashine ichape KARANGA. Ikachapa kitu kama matusi ya lugha isiyojulikana.

Nikabadilisha waya, nikasafisha teleprinta, nikaiandika programu upya. Umeme ukikatika, ubao ulisahau kila kitu, nami nikaanza tena kubofya namba kutoka mwanzo. Majuma yakaenda hivyo. Kule mashambani karanga zikaanza kung'olewa, na kila gunia lililoingia stoo nililitazama kwa chuki.

"Unakonda," mpiga chapa akaniambia. "Mtu anayehamia Dar hakondi hivi."

"Ni kazi tu, mama. Sitaki waseme nimeshindwa."

"Haya. Waseme nani?"

Nikajifanya natafuta bisibisi.

Ofisini kwetu kulikuwa na saa ya ukutani ya kuchomeka kwenye umeme. Ilikuwa inachelewa. Umeme wa mji ulitoka kwenye jenereta la dizeli lililochoka, na mpiga chapa aliirekebisha saa asubuhi umeme ulipowaka. Lakini kufika taarifa ya habari ya saa saba mchana, ilikuwa imebaki nyuma zaidi ya robo saa. Basi redio ikipiga milio ya saa, yeye alipanda juu ya kiti, akausukuma mshale mbele, akashuka. Hakuna aliyeshangaa. Wageni tu ndio waliocheka, na mimi nilipofika nilicheka sana, nikawaandikia rafiki zangu wa chuo kwamba nimeletwa mahali ambapo hata saa haina haraka.

Siku hiyo redio ilipiga milio, mama akavuta kiti, nami nilikuwa nimekaa sakafuni kando ya teleprinta, nimekata tamaa, namtazama tu. Akausukuma mshale. Macho yangu yakashuka na waya wa saa, ukutani, mpaka kwenye soketi. Pembeni yake, kwenye soketi hiyohiyo, ulichomekwa waya wa teleprinta.

Mota ya teleprinta ilikuwa ya aina moja na ya saa. Zote mbili zilikwenda kwa mwendo wa jenereta: likizunguka polepole, nazo polepole. Ubao wangu ulikuwa na kipande chake cha kuhesabia muda, hakikujali umeme unakwenda vipi. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa inaongea kwa mwendo wa kitabu, na teleprinta inasikiliza kwa mwendo wa Nachingwea. Nilikuwa nimeishi chini ya saa ile miaka yote, nimeitania kwenye barua, na haikunipitia akilini.

"Mama, usishuke! Umesukuma dakika ngapi?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ni ngapi?"

"Nisome au nishuke? Kiti hiki kina mguu mbovu."

Akanisomea. Nikagawanya dakika zilizopotea kwa muda ambao umeme ulikuwa umewaka, nikaiongeza ile namba ya kusubiri kwa kiasi hichohicho, nikabofya. Teleprinta ikanguruma, ikagonga, na kwenye karatasi likatokea neno KARANGA. Nikaiagiza tena. KARANGA. Mpiga chapa akavaa miwani, akalichunguza kama anatafuta kosa.

"Haikuacha nafasi pembeni," akasema. Kisha akanishika bega, akaliacha polepole.

Tukachapa majedwali yote, ya Mtua, ya Mnero, ya Chinongwe, mkuu akayatuma Dar kwa gari lililopeleka sampuli za mbegu. Nikalala kwa amani. Niliamini mambo yamekwisha.

Juma lililofuata simu ikalia, ile ya kuzungusha mkono. Opereta wa posta akasema ni Dar, wananitaka mimi. Laini ilikuwa mbovu, kama kawaida; ilibidi kupiga kelele, na ikizidi kuwa mbovu opereta alikuwa anakaa katikati na kurudia maneno ya kila upande.

"Karatasi tumeziona!" ikaja sauti ya mkubwa wetu. "Safi sana! Mashine ibaki huko! Sasa nimetazama faili lako. Barua zote hizi za uhamisho! Kazi nzuri hii inastahili zawadi. Nafasi nimekupatia. Nisaini?"

Mpiga chapa aliacha kugonga. Mkuu alisimama mlangoni na kikombe cha chai, anatabasamu kwa niaba yangu.

"Hapana," nikasema.

"Nini? Sikusikii!"

"Hapana, mzee! Usisaini!"

"Nisaini? Haya, nasaini!"

"Usisaini!" Nikasimama. Nadhani nilisikika mpaka sokoni. "Nataka kubaki! Nataka mwenyewe! Sijawahi kutaka kuondoka!"

Laini ikakwaruza. Kisha nikamsikia opereta, taratibu, kwa sauti yake ya kazi: "Dar, anasema usisaini. Anataka kubaki. Anasema hajawahi kutaka kuondoka." Akaongeza la kwake: "Huku tulikuwa tunajua, mzee."