Nilivyomuua mzee aliye hai kwenye ukurasa wa vifo, na correction iliyochelewa miaka

Wakuu, salaam kwenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu karibu miaka miwili, nikicheka na kupita. Leo naandika. Majina nimebadilisha kwa heshima, lakini mengine yote ni kweli tupu, hata pale ninapoaibika.

Wiki jana mlibishana kama internet itaua gazeti na redio. Kuna mmoja alisema gazeti siku hizi ni la kufungia nyama tu. Sikuchangia, lakini maneno yale yalinikaa moyoni. Mimi nimefanya kazi pande mbili kati ya hizo, na wa tatu uliniaibisha kwa mbali. Na kuna mzee wa mtaa wa Waithaka aliyetangazwa marehemu kwenye zote tatu akiwa mzima.

Aliyemuua ni mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa desk ya matangazo ya vifo, gazeti moja hapo town. Msicheke. Nilitoka chuo nikitaka kuandika siasa ukurasa wa kwanza, nikapewa marehemu.

Kazi ilikuwa hivi. Familia inakuja kaunta na foolscap iliyoandikwa kwa mkono, pamoja na passport photo. Kwenye foolscap kuna ukoo mzima: binti wa fulani, mke wa fulani, mama ya fulani na fulani, dada ya fulani, binamu ya fulani.

Mnajua vile sisi tulivyo. Ukikosea umri wa marehemu utasamehewa. Ukiacha jina la shemeji mmoja, kikao kitaitishwa. Na waliotangulia huandikwa kando na walio hai, kila mtu akae upande wake.

Mimi nilikuwa mwepesi wa mkono na nilijivunia sana. Nilichapa matangazo huku nikibishana mpira. Madam, mkuu wa desk, alikuwa akiniambia kila siku, "Soma na kidole." Yaani uweke kidole kwenye karatasi, jina kwa jina, ukilinganisha na screen. Niliona ni mambo ya nasari.

Basi siku moja likaja tangazo la mama mmoja wa Waithaka. Binamu zake wameandikwa mistari miwili, waliotangulia juu, walio hai chini. Jicho langu likaruka mstari. Mzee Gitau, mzima wa afya, akaingia kwa waliotangulia.

Jumanne asubuhi gazeti likatoka.

Na halikuwa gazeti tu. Wakati huo FM za lugha za nyumbani zilikuwa zimeanza kushika, na mtangazaji mmoja wa Kikuyu alikuwa na kipindi cha asubuhi cha kusoma matangazo ya vifo moja kwa moja kutoka gazetini, kwa sauti ya pole sana. Kosa langu likapata sauti. Likafika milimani huko ambako gazeti hufika mchana, au halifiki kabisa.

Saa nne hivi, mzee akasimama kaunta na binti yake. Koti la kijivu limepigwa pasi, kofia mkononi, gazeti kwapani. Baadaye nilijua alikuwa fundi wa kushona uniform za shule pale kwenye maduka ya Adams Arcade kabla hajastaafu, ndiyo maana koti lilimkaa vile.

"Kijana," akasema, "mimi ndio Gitau. Naona mmeniweka kwa late."

Wakuu, niliomba msamaha kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kiingereza. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi. Alisema tu kwamba tangu asubuhi watu wanamwangalia mara mbili.

Nikamwandikia correction hapo hapo, mistari mitatu, itoke kesho. Alikuwa ameweka miwani anaisoma ndipo simu ya binti yake, Njoki, ikalia. Njoki akatoka nayo kwenye corridor. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika.

"Baba, ni Uncle Kihara. Amesikia kwa redio. Ameniuliza ulizikwa lini na mbona hakuna mtu alimwambia."

"Umemwambia nini?"

"Sijamwambia kitu. Alikuwa analia, halafu network ikapotea."

Mzee akatafuta kiti akakaa. Njoki ndiye alinieleza. Kihara ni mdogo wake, ndugu wa pekee aliyebaki. Waligombana kwa sababu ya mpaka wa shamba la baba yao, Kihara akahamia Nyandarua, huko milimani, na kwa miaka kumi na moja hawakuwa wamesalimiana. Hata harusi ya Njoki hakuja.

"Analia?" mzee akauliza tena. "Kihara?"

"Analia, Baba."

Akavua miwani, akaikunja polepole. Kisha akanirudishia karatasi ya correction.

"Hii ingoje kidogo."

Nikamwambia haiwezekani, sheria ya gazeti ni kosa lirekebishwe kesho yake.

"Akijua niko hai, atakumbuka ule mpaka, abaki huko," akasema. "Akijua nimekufa, atakuja. Mimi namjua. Niache nikae marehemu siku moja tu."

"Baba, huo ni uongo," Njoki akasema.

"Uongo si wangu. Ni wa gazeti."

Hapo niseme wazi. Nilijua nikiificha ile karatasi naweza kufukuzwa, na kwa haki. Nilijua pia Kihara yuko mahali analia kwa sababu yangu. Lakini nilimwangalia yule mzee ameshika kofia kwa mikono miwili, nikamwona baba yangu, ambaye naye alikufa hawajapatana na kaka yake. Nikaiweka karatasi kwenye droo. Madam aliponiuliza nikamwambia imeshaenda.

Jumatano sikuweza kukaa ofisini. Nikaaga kwamba naenda kuomba familia msamaha, na hiyo ilikuwa kweli nusu. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Jamhuri, lakini Waithaka nilikuwa sijawahi kuingia ndani ndani. Nikaelekezwa hadi kwa mzee.

Alikuwa amevaa lile koti tena. Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Njoki alipika chai hakuna aliyekunywa. Mzee alikuwa akiinuka kila geti la jirani likilia. Ilipofika saa saba akaniambia, "Kijana, toa hiyo correction yako kesho. Nimekuwa mjinga." Sijawahi kumwonea mtu huruma kama siku ile.

Saa nane kasoro Kihara akaingia.

Alikuwa na suti ya kanisani, na begani gunia la viazi, kwa sababu nyumba ya matanga haiendwi mikono mitupu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Akamsalimia Njoki, akasema kwa Kikuyu, na mimi Kikuyu yangu ni ya sokoni lakini hiyo niliielewa, "Nionyeshe mahali amelala."

Mzee Gitau akatoka kwenye mlango wa jikoni.

Kihara hakupiga kelele. Alishusha gunia chini taratibu, akasimama. Yaliyofuata Njoki alinitafsiria baadaye.

"Ulikuwa umekufa," Kihara akasema.

"Ni gazeti."

"Njia yote nimekuwa nikijiuliza nitaliambia kaburi nini."

"Sasa niambie mimi."

Kihara akavua kofia akampiga nayo begani, pigo dogo, kama mtu anayekung'uta vumbi. Akampiga tena. La tatu hakulimaliza, akamshika, na wale wazee wawili wakalia pale uani kama watoto. Mimi nilipewa kisu nimenye viazi. Nilivimenya huku machozi yanaanguka kwenye sufuria na hakuna aliyeniuliza wewe ni wa nani.

Correction ilitoka Alhamisi. Mzee aliikata akaiweka kwenye Biblia, akawa akiwaambia watu wa kanisa kwamba na yeye alifufuka siku ya tatu.

Madam aliona tarehe, akapiga hesabu, akajua. Nilimwambia kila kitu. Akasema nimekosea mara mbili, na kosa la pili ni kubwa kuliko la kwanza kwa sababu la pili nilijua. Hakunifukuza. Alinitoa kwenye desk akanipeleka website.

Leo mnaona website ni kitu. Wakati huo ilikuwa adhabu. Chumba kimoja karibu na store, kompyuta mbili, kazi yenyewe kunakili gazeti la jana uliweke kwenye internet. Nilikuwa naona haya kuwaambia watu ninakofanya kazi. Ndivyo nilivyoingia digital, wakuu. Sikuona mbele, nilitupwa huko.

Na huko nikakutana na kosa langu tena. Tulipandisha matangazo yote ya zamani, lakini hakuna aliyekumbuka kupandisha corrections. Kwa hiyo gazetini mzee alifufuka, redioni watu walisahau, lakini kwenye internet akabaki marehemu. Mjukuu wake alimtafuta Google kwenye cyber ya Adams akampata. Mzee alicheka hadi akakohoa. Nilipomwambia nitaifuta, akasema niiache, haimuumi.

Nilikuwa nikienda Waithaka mara kwa mara. Kihara alikuwa akija kila mwezi na viazi. Mpaka wa shamba waliacha kuuzungumzia, na nyasi zikaota juu yake.

Mwezi uliopita Mzee Gitau alifariki. Safari hii kweli.

Siku hizi familia hututumia tangazo kwa email. Kihara alikuja mwenyewe na foolscap. Nikachapa, kisha nikaweka kidole kwenye karatasi, yeye akaweka chake kwenye screen, tukasoma jina kwa jina. Tulipofika kwenye jina la kaka yake, kidole chake kilikaa hapo na mimi nikangoja.

Halafu nikamwonyesha lile tangazo la zamani kwenye website. Nikamwambia gazeti likishachapwa limechapwa, redio ikishasema imesema, lakini hii naweza kuifuta sasa hivi kwa kubonyeza mara moja.

"Usifute," akasema. "Hiyo ndiyo ilinileta nyumbani."

Sikufuta. Lakini sheria ni sheria, na Madam alishanifundisha. Ukilitafuta leo utalikuta, na chini yake nimeongeza mistari niliyopaswa kuiandika miaka yote hiyo:

"Marekebisho: Katika tangazo hili Mzee Gitau ameandikwa kati ya waliotangulia. Siku hiyo alikuwa hai, nyumbani kwake Waithaka, akimngoja ndugu yake. Ndugu yake alikuja."

Nilichojifunza si kikubwa. Gazeti, redio, internet, zote zitabadilika tena na sisi tutabishana tena. Jina la mtu ni lile lile. Lisome kama ni la mama yako. Na ule uongo wangu sijawahi kuutetea, ila sijawahi kuujutia pia, na sijui hiyo inanifanya mwandishi wa aina gani. Niambieni nyinyi.

Na kama una ndugu mmenyamaziana, funga uzi huu umpigie kwanza, maoni utaandika ukirudi. Nipo hapa. Nitayasoma yote, na kidole.