Kiti cha Karani wa Parkingi
Pale parkingi ya Kitshanga, karani anayeandika majina ya abiria hukipindua kiti chake miguu juu kila asubuhi, naye husimama mpaka gari la mwisho lifike salama. Wageni humcheka, wenyeji hawathubutu. Leo mvua iliharibu barabara ya Walikale. Magoti yalimuuma karani kwa kusimama, na Mama Kanyere, ambaye binti yake alipanda gari la alfajiri la kwenda huko, alimuuliza mara tano: “Papa, bamefika?” Kila mara karani aliitazama simu tu, akisugua wino vidoleni. Saa kumi jioni simu ikalia. Akasikiliza, akashusha pumzi. Alikigeuza kiti, akakipangusa kwa mkono wa shati, akakisogeza mbele ya yule mama ili akae.

“Ikala, Mama.”