Bibi Aliyemwambia Mama Avae

Enzi zetu, wenzangu mtakumbuka, mtoto alikwenda shule bila kutoka kitandani. Juu shati la shule, chini suruali ya kulalia, mwalimu yuko kwenye kompyuta anauliza, "Mnanisikia?" na sisi tunamsikia vizuri tu, tunanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sydney nzima ililia kufungiwa ndani kwa sababu ya korona. Mimi amri hiyo nilikuwa naisubiri tangu nizaliwe. Serikali imenikataza kukimbia uwanjani? Basi, nitajikaza.

Pale mtaani Westmead, kwenye jengo la ghorofa, tulikuwa wawili, mimi na Mama. Mama alihudumia wazee kwenye makao, kazi ambayo watu waliipigia makofi kwenye runinga, kisha wakaikimbia kwenye ngazi. Majirani wakiona sare yake, ghafla wanakumbuka kitu walichosahau ndani. Mama alicheka tu, lakini nilimsikia bafuni akisugua mikono hadi maji ya moto yanaisha.

Mlango wa pili alikaa bibi wa Kitamil. Alikuja kumtembelea mwanawe, mipaka ikafungwa naye yumo. Kiingereza hakujua. Siku moja Mama anatoka zamu, barakoa iko kidevuni, bibi akafungua mlango: "Vaa! Vaa!"

Mama akaingia ndani anang'aa. "Huyu Mhindi wa kwetu Nakuru! Anajua Kiswahili!" Halafu akafikiria alichoambiwa, uso ukashuka. "Kumbe naye ananiona ugonjwa."

Kesho yake Mama akapita na barakoa mbili. "Vaa!" Siku ya tatu akaongeza ngao ya plastiki usoni. "Vaa, vaa!" na mkono unapunga.

"Nivae nini tena," Mama akaniuliza, "godoro?"

Tangu hapo akawa anapita pale bila kugeuza shingo. Na katika jengo zima, bibi huyo ndiye pekee aliyefungua mlango Mama akipita. Wengine walifunga.

Mimi, mtaalamu wa kukaa, nilishamaliza kila kitu kwenye runinga, nikaangukia filamu ya mapenzi ya Kitamil, ya kuchekesha. Kijana anachapa kadi za harusi. Anaagizwa achape ya msichana anayempenda, basi kila mara anakosea jina la bwana harusi, kwa makusudi. Enzi zetu tulikuwa na subira: wanaonana saa nane, wanashikana mikono saa kumi, katikati nyimbo sita na mvua isiyolowesha nywele. Watoto wa siku hizi, video ya dakika moja wanauliza kama kuna muhtasari.

Basi kijana akasimama mlangoni pa duka lake, akamnyooshea msichana mkono: "Vaa! Vaa!"

Nikakaa wima. Msichana alikuwa amevaa tayari, tena dhahabu ya ukoo mzima. Nikasoma maandishi ya Kiingereza chini: njoo. Nikarudisha nyuma mara nne. Njoo.

"Mama! Hebu ona hapa!"

Akaja na mwiko mkononi, akatazama. "Rudisha." Nikarudisha. Akakaa kwenye mkono wa kochi.

"Wiki tatu," alisema. "Wiki tatu ananikaribisha, mimi namnunia."

Hakungoja mwisho wa filamu. Alikwenda akagonga, akarudi nyuma hatua zote zilizotakiwa. Bibi alipofungua, Mama alisema kwa Kiswahili, maana Kiingereza kisingesaidia kitu: "Nisamehe, mama yangu."

Bibi hakuelewa hata neno. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la wali wa ndimu, akaliweka sakafuni katikati, akarudi mlangoni kwake. Mama alikula palepale, amesimama, machozi yanamtoka, analaumu pilipili.

Mipaka ilipofunguliwa, bibi alirudi kwao. Siku hizi hakuna anayemwogopa Mama. Jengo limejaa vijana wenye vidude masikioni, tunapishana kwa adabu kubwa sana. Mimi bado niko kwenye kochi, sasa bila kisingizio cha serikali. Juzi nilimuuliza Mama habari za majirani.

"Wazuri," alisema. "Sina hata mmoja wa kumnunia."