Samaki wa Mama Anjela

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kibendera, si filimbi. Ilikuwa kijijini Mapera, huku milimani, nyumbani kabisa, na kazi yangu ilikuwa kukimbia na mstari nikiwatazama wanaootea, yaani washambuliaji waliokwisha kumpita beki wa mwisho kabla pasi haijapigwa. Nilinyoosha kibendera ovyo ovyo. Watazamaji wakanizomea, na jioni wale wale wakanikaribisha togwa. Vijana, kuzomewa kwenyewe enzi hizo kulikuwa hivyo.

Katibu wa chama cha mpira, mtu wa maneno machache, alitufundisha desturi ambayo hamtaikuta kwenye sheria za mchezo: mwamuzi mgeni hulala na kula kwa wenyeji. Nilipopanda kuwa mwamuzi wa kati, mwenye filimbi, nikapangiwa mechi za ziwani. Mwenyeji wetu waamuzi pale Liuli alikuwa Mama Anjela, mjane mwenye utani mwingi. Kila asubuhi ya mechi alitufungia mbasa wa kukausha tuwapelekee wake zetu. Timu yake ilifungwa mara nyingi mbele ya macho yangu, na samaki alitufungia vile vile.

Kisha ikaja biashara huria. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kudhamini mashindano, na zawadi ikawa ng'ombe. Fainali moja ikawakutanisha Liuli na timu ya kwetu milimani. Ilichezwa Liuli, na mashabiki wetu waliteremka kwa malori, wengi wamekwisha kulewa. Dakika za mwisho beki wetu aliushika mpira ndani ya eneo la hatari. Nikapuliza penalti, Liuli wakafunga.

Mtu mmoja alikuwa ameliona furushi la samaki kando ya mikoba yetu.

"Refa kala hongo!"

Wakavamia uwanja, Wamatengo wenzangu, wengine nilipata nao kipaimara. Mama Anjela akajipenyeza katikati yao akieleza kwamba samaki ni wake, kwamba ndivyo anavyomuaga mgeni yeyote. Jiwe lililorushwa kwangu likampata yeye begani. Mkono ule hakuweza kuuinua tena, na mimi inaniuma hadi leo.

Katibu alituita ofisini. "Kuanzia sasa mtakula mlichobeba," alisema, "na mtakaa na polisi." Alisema akitazama dirishani.

Msimu uliofuata nilikwenda kwa Mama Anjela kumjulia hali. Chakula kilikuwa kinanukia jikoni, lakini alinisimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nenda zako. Wakikuona unakula hapa watakuua."

Nikaenda kula karanga ndani ya gari la polisi, na ikawa hivyo kila uwanja mpaka nikastaafu. Siku ya kuniaga, katibu mpya alinisifu mbele ya watu, kwamba mwamuzi huyu ni mfano wa kuigwa, hakuonja chakula cha kijiji chochote. Walinipigia makofi mengi, na mimi nilitamani wanyamaze.