Kitabu Nilichofungia Karanga

Iko siku moja ninayoikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa ningefurahi kuisahau. Siku hiyo nilikipasua kitabu cha mume wangu ili nifungie karanga nilizokuwa nauza.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Nilikuwa nimetoka kwetu Lubudi kuja Manika, mtaa wa wachimbaji, kuolewa na Ilunga, aliyefanya kazi mgodini, chini kabisa ya ardhi. Akitoka kazini alikuwa haingii nyumbani moja kwa moja. Alikuwa ananisalimia, ananawa uso, anabeba kiti kidogo mpaka nyuma ya nyumba karibu na mihogo yangu, halafu anasoma huko mpaka asione tena maandishi.

Mimi niliona huo ni uvivu. Majirani walikuwa wakiniuliza kama mume wangu anasomea upadre, na nilikuwa katika umri ule ambao mtu anaogopa kicheko cha jirani kuliko anavyomwangalia wa nyumbani mwake. Usinicheke, na wewe utaupitia.

Basi, siku ile karatasi ziliniishia na wateja wamesimama mlangoni. Kitabu kilikuwa juu ya kabati, hadithi ndefu ya Kifaransa, kimechakaa. Nikajiambia ameshakisoma vya kutosha. Nikapasua ukurasa wa kwanza, kisha wa pili. Jua lilipoanza kushuka, kilichobaki ni jalada na kurasa chache.

Ilunga aliporudi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Alilishika lile jalada, akaligeuza.

"Weye njo ulifanya?" akaniuliza kama ni mimi.

"Njo miye. Karatasi ilinikosea."

Aliliweka chini polepole. "Haina mambo," akasema.

Afadhali angenifokea. Tangu kesho yake hakubeba kiti tena. Akitoka kazini alipitia baa, akirudi anakaa chumbani akitazama ukuta, na bukari, ugali wetu, inapoa mbele yake. Mlango ukifungwa kwa nguvu, anaruka. Nilidhani ananiadhibu, nami nikanuna. Tulikaa hivyo majuma mawili, watu wawili katika nyumba moja, bila neno.

Ndipo alipokuja Tata Selemani, jirani yetu Mwislamu, mzee mpole aliyetoka Maniema na kufanya kazi ya kusafirisha bidhaa kwa lori lake. Alikuwa ametoka safarini. Mkononi alikuwa na karatasi yenye mafuta ya karanga, ameikunjua vizuri.

"Mama, hii hadithi nilianza kuisoma ku njia," akasema. "Inaishia katikati. Nilikuya kukuomba ukurasa ya mbele."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Ni kitabu ya Ilunga?"

"Ni yake, Tata. Lakini mutu mukubwa anakaa pa inje na kitabu kila siku, batu banatucheka!"

Alivuta kiti, akakaa. "Alikuambia ile siku mawe ilibafungia kule chini?"

"Aliniambia alichelewa ku kazi."

"Alikuwa mu giza kutoka asubuhi mpaka magaribi, yeye na benzake. Miye njo nilimurudisha na lori. Alikataa kukaa mbele na miye, akapanda nyuma, kwenye upepo. Tangu siku ile, akiingia mu nyumba mara moja, anaona kuta zinamukaribia. Akikaa pa inje na kitabu, anaona jua, roho yake inarudi kidogo kidogo. Ile njo dawa yake, mama. Na weye umeiuzisha na karanga."

Nilijifunga kitenge, nikatoka nyumba kwa nyumba kuomba zile karatasi. Wengine walikuwa wamewashia moto. Wengine walinicheka hadharani, na kwa mara ya kwanza sikujali. Zilizopatikana hazikufika nusu. Nilizipanga kwa namba zake, nikazishona na uzi kwenye jalada, kisha nikaenda kumngoja Ilunga pale basi ya wafanyakazi iliposimama, kabla baa haijamchukua.

"Nimeweka kiti pa inje," nikamwambia. "Unisamehe. Tata Selemani aliniambia yote."

Aliipa baa mgongo. Kisha tukatembea pamoja mpaka nyumbani.

Alifungua kitabu, akapitisha kidole kwenye uzi. "Inakosa mingi," akasema.

"Ile inakosa, utanielezea."

Akanielezea. Nilikaa kwenye mkeka kando yake nikimenya karanga, naye akinigeuzia kile Kifaransa kwa Kiswahili. Kurasa zisizokuwepo alizitoa kichwani. Sikudanganyi kwamba alipona siku ile. Mara kadhaa alirudi baa. Lakini kiangazi kilipokwisha alikuwa anakula na kucheka, na mlango ukifungwa hashtuki. Mwaka uliofuata alinifundisha kusoma. Nikagundua kwamba hata mimi, na wasiwasi wangu wa kila siku, nilikuwa nahitaji kile kiti.

Sasa yeye ni mzee. Wakati huu ninapokuandikia, yuko huko nje na kitabu chake, na hakuna anayemwita ndani.

Mwanangu, uwe unachimba Kasulo, uwe unaendesha taxi-moto, ile pikipiki ya abiria, au unalea watoto, jitafutie saa yako ya kukaa nje. Acha simu ndani. Tafuta mahali ambapo vumbi la malori halikufikii, uone anga, usome hata kurasa mbili. Usingoje mpaka uchoke kabisa. Na ukimwona mwenzako amekaa hivyo, usimwite mvivu. Muulize kwa upole ametoka wapi.

Mungu akutoe salama kila unapoingia gizani. Akupe macho yenye nguvu hata uzeeni, na mtu wa kukaa kando yako mkisoma.